Nione Tu

Saa nane za usiku, Elko, Nevada.
Nje theluji inaipiga pasi barabara ya malori,
ndani mashine ya kahawa inakohoa,
na Lorelei, mgawaji, kucha zake za zambarau,
ananitelezeshea mbili.
Naziinua ncha kwa kidole gumba:
mfalme wa kopa, mfalme wa shupaza,
ndevu kwa ndevu, hawasalimiani.

Mbele yangu Verl Hutchings,
mchimba dhahabu, katoka zamu,
vumbi la mgodi lingali kwenye mikunjo ya shingo.
Verl hakatai.
Mpe tisa na nne zisizofanana hata rangi,
mpe saba na mbili, mpe risiti ya dukani,
ataingia.
Atasema, "Nione tu,"
asukume chipu kama asukumaye sahani kwa mgeni.

Shangazi Graxi, Mbaski, mwenye nyumba
walimolala wachunga kondoo wakishuka milimani,
alinifunza poka kwenye meza ya kukatia vitunguu.
"Maialen, asiyeogopa hatishiki.
Usimdanganye, hasikii.
Usijinyamazie ukidhani unamtega;
mtego ni wa mnyama anayenusa.
Huyu mtoze. Kila mlango, mtoze.
Na wapunguze watu mapema:
jozi kubwa mbele ya mmoja ni ngome,
mbele ya watano ni mwavuli kwenye mvua ya mawe."
Kisha, akifuta machozi ya vitunguu:
"Na siku mlipaji akianza kudai,
mpishe."

Nikapandisha. Arobaini, si kumi na tano.
Daktari wa meno akatupa.
Dereva wa Winnemucca akatupa, akilaani bei.
Verl akatazama dari. "Nione tu."

Zikafunuliwa tatu:
tisa ya pau, sita ya uru, mbili ya kopa.
Nikatoza themanini. Akalipa.
Ya nne, malkia wa uru.
Nikatoza mia na sitini. Akalipa,
akaniuliza kama njia ya Wells imefungwa.
Ya tano ilikuwa nne.
Nne ya pau, kajikaratasi tu,
haina taji, haina hata uso.

Nikagonga meza, nipite bure.
Verl, ambaye tangu Oktoba analipa tu,
akadai.
Mia tatu.

Hesabu naijua.
Mara nne kati ya tano hizi fedha ni zangu,
na hii inanuka ile ya tano.
Graxi nyuma ya sikio: mpishe, mpishe.
Wafalme wangu nimewakaa nao dakika sita,
nimewapigia mahesabu ya kodi,
ya matairi ya theluji, ya jino la nyuma.
Mkono ukaenda wenyewe.
Nikausikia mdomo wangu,
kwa sauti ya mtu mwingine:
"Nione tu."

Akazigeuza polepole, kama anayeomba radhi.
Tisa. Nne.

Hakucheka. Alilivuta rundo kwa mikono miwili,
akanirushia chipu ya dola tano, ya kahawa.
Nikaipokea.
Angekuwapo Graxi, ningelipata kofi la kisogo.

Lorelei anachanganya.
Nainua ncha: saba, mbili.
Natupa.
Verl keshaingia.