Namba Arobaini na Saba

Agosti nzima mama alishona, uzi mwekundu, namba ile ile:
47 kwenye soksi, 47 kwenye shimizi,
47 kwenye leso sita za pua.
Kijiko changu baba alikikwaruza kwa msumari.
Jina langu, Rose-Aimée Thibodeau, halikushonwa popote.

Shule ilikuwa juu ya mto, mawe ya kijivu, ghorofa nne.
Iliwahi kuungua zamani, wakati wa bibi zetu,
ikasimamishwa tena pale pale kwa ukaidi wa watawa
waliozunguka mashambani na sleji
wakiomba mbao, misumari, siagi, chochote.
Hayo tulisimuliwa kila Novemba, tukiwa wima.
Sista Euphrasie wa jikoni alininong'oneza
kwamba moto ulianzia kwenye sufuria ya mafuta,
na kwamba hilo haliandikwi.

Kengele, saa kumi na moja na nusu.
Jicho bado limefumba, mdomo umeshamsalimu Yesu.
Maji ya beseni yameota ngozi ya barafu;
unaivunja kwa kiwiko, unanawa mpaka shingoni, basi.
Jumamosi tulioga ndani ya kanzu za kitani,
sabuni ikipita chini ya nguo kama mwizi.
Nilitimiza miaka kumi na sita
sijawahi kukiona kitovu changu mchana.

Mezani, kimya. Mmoja anasoma maisha ya watakatifu
(yule aliyechomwa juu ya chuma, yule aliyeng'olewa meno)
sisi tunameza uji wa shayiri.
Ukitaka chumvi, gusa meza kwa kidole kimoja.
Mkate, viwili. Maji, vitatu.
Siku moja Gilberte Ouellet aligusa kwa vitano.
Tukamuuliza kwa macho: nini hicho?
Akajibu kwa midomo tu, bila sauti: nyumbani.

Barua tulizitoa wazi.
Mère Saint-Anaclet alizipitia kwa penseli ya bluu,
"naona baridi" ikageuka "naona fahari".
Mama akajibu: tumefurahi, mwanangu.

Lakini baba alikuja, Jumapili ya kwanza ya Desemba,
amenuka farasi, amebeba chupa ya utomvu wa mti
uliochemshwa hadi ukawa kama asali.
Kupitia kimia cha chuma alivishika vidole vyangu,
vimevimba, vyekundu kama karoti.
Hakusema kitu. Alizungumzia ng'ombe.

Januari akaacha mlangoni glavu za ngozi ya sungura.
Alizishona mwenyewe, na namba pia, uzi mwekundu,
akiinakili kutoka kwenye soksi yangu kuukuu.
Baba hakujua kusoma.
Soksi aliishika juu chini, au kushoto kulia, sijui;
ilitoka 74.

Namba ni namba. Sista wa mlangoni alimpa mwenyewe:
Huguette Bérubé, yatima,
asiyewahi kuitwa sebuleni hata Jumapili moja.
Alizivaa kanisani. Alilala nazo.
Nami nilizitambua mishono ile,
mikubwa, ya mtu aliyezoea kushona hatamu,
nikaficha mikono kwapani.
Ningesema nini? Kwamba baba yangu
hajui nne iko upande gani wa saba?

Sasa bweni ni nyumba za kupanga, lina lifti.
Kimia kilipigwa mnada; kimenunuliwa na mwenye mgahawa,
anatundikia vikombe.
Siku ya mnada tulikula pamoja, wazee kumi na wanne.
Huguette akasimulia, kwa mara ya mia nadhani,
habari za mtu asiyejulikana
aliyemkumbuka katika baridi ya hamsini na tatu.
"Mpaka leo namwombea," akasema, "huyo mtu wangu."

Supu ilikuwa mbele yangu, inatoa moshi.
Nikagusa meza kwa kidole kimoja.
Bila kukatisha hadithi yake,
alinisogezea chumvi.