Mpromoko

Niliwapa kazi, darasa la tano, mvua ikitwanga juu ya bati:
andikeni juu ya mlima ulioteremka nyuma ya Kadutu.
Nyumba ngapi zilikwenda? Nani anasema?
Alhamisi wakarudi, wamenunua mega kwa hela ya sambaza,
Cirhuza mbele, kifua nje:
"Mwalimu, kurasa kumi na tatu za mtandao.
Zote zasema themanini na nne."

Akasubiri makofi.
Na nani angembishia? Ukurasa mmoja una bendera,
mwingine picha ya profesa mwenye tai,
mwingine unapepesa: bonyeza hapa upone kisukari.
Tukaanza na huo. Tukacheka, tukaufuta.
Zikabaki kumi na mbili.

Nikasema ninayoyasema kila mwaka:
muuza unga usimuulize kama unga una mchanga,
tazama mizani, tazama kidole chake kiko wapi.
Nani ameandika? Lini? Anakula wapi?
Wakaandika bila kuinua macho,
jinsi wanavyoandika kila ninachosema,
na hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Ansima hasemi sana. Hukaa kwenye dirisha lisilo na kioo,
anazuia manyunyu kwa begi.
Alinyosha mkono nusu, kama anayepima joto la sufuria.
"Mwalimu, hawa hawajui kuandika mporomoko.
Wameandika mpromoko. Wote.
Herufi ileile imewaanguka."

Bati likaendelea peke yake.

"Watu kumi na wawili," akasema,
"hawajikwai kwenye jiwe moja kwa kidole kimoja cha mguu.
Huyu ni mtu mmoja."

Jiwe nililijua.
Miaka sita nyuma, shirika fulani lilitaka ripoti kabla ya Ijumaa,
dola hamsini na chakula cha mchana.
Mvua ilinikataza kushuka bondeni.
Nikasimama ng'ambo, chini ya mwavuli wa muuza unite,
nikahesabu kwa kidole mapaa yasiyokuwepo,
na kisichokuwepo unakihesabuje?
Kidole kikachoka. Nikaandika themanini na nne,
maana themanini tupu ingeonekana ya kubahatisha.

Kengele ilibakiza dakika nne. Ningeweza kunyamaza,
nimewahi kunyamaza kwa mambo makubwa zaidi.
Nikachukua chaki. Chini ya neno CHANZO
nikaandika Buhendwa, jina langu, mwandiko wangu mbaya.
Cirhuza alinitazama
kama aliyekuta unywele ndani ya bugali.

Jumamosi tukashuka, sita tu, wengine waliogopa matope.
Palipokuwa sebule migomba imeshazaa.
Mama mmoja akaacha kufua: "Mnahesabu na jiko langu?
Jiko lilisimama mbali. Na chumba cha mpangaji?"
Akatuhesabia mwenyewe, si kwa namba:
kwa fundi saa, kwa wale wa Walungu,
kwa yule aliyefuga sungura, kwa mapacha.
Kwa mapacha alikaa kimya kidogo, akarudi kwenye beseni.
Arobaini na moja.
Jirani akabisha kutoka juu: arobaini na tatu!
Tukaandika zote mbili, na majina ya waliosema,
na kwamba saa nane mvua ilitufukuza
kabla hatujafika mtoni.

Ansima ndiye aliyetaka ile ya mvua iandikwe.

Nimeziandikia kurasa zote kumi na mbili.
Moja tu ilijibu. Iliniomba chanzo.

Jana usiku, umeme uliporudi, nilichungulia tena.
Themanini na nne ingali inatembea, imepata hata ramani.
Ila mporomoko sasa una herufi zake zote:
mtu mwema, sijui nani, ameirudisha ile o
na namba akaiacha palepale.