Daftari la Mraba

Nililianzia nyuma, daftari la mtoto la mraba,
pale karibu na jedwali la kuzidisha.
Penseli. Mota tatu, Luthuli, elfu nne na mia tano kila moja.
Mwenye duka aliapa kwamba hazijawahi kutumika.
Moja ilikuwa na jina la mtu limekwaruzwa tumboni.

Reli za chuma nilizipata Kariobangi,
zimeng'olewa kwenye printa kubwa ya kiwanda kilichofungwa.
Zilipimwa kwa kilo, kama viazi.
Nikasimama pale nikiwaza: unyoofu wote huu,
kuna mtu aliupigania unywele kwa unywele,
na leo unauzwa kwa ratili moja
na sufuria zilizotoboka.
Nikanyamaza. Mnunuzi akifurahi hadharani, bei hupanda.

Mkokoteni hadi Umoja: mia tatu.
Oroko, aliyeuvuta, akauliza kama ni kitanda.
Nikasema ni mashine ya kuchonga mbao,
unaichorea kwenye kompyuta, yenyewe inafuata.
Akavuta hatua kumi hivi kabla ya kunijibu:
Na wewe utakuwa unafanya nini?

Hilo sikuliandika. Halikuwa na bei.

Kisha vile vidogo, ambavyo ndivyo hula watu.
Skrubu. Beringi nane, mbili zikiwa bandia.
Kadi ya kuendesha mota, niliyoiunguza
kwa kuchanganya chanya na hasi saa saba za usiku:
ikatoa kamoshi kamoja, kembamba,
kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi.
Elfu mbili. Nikanunua nyingine. Elfu mbili tena.
Tokeni za stima. Tokeni za stima.
Soda ya mlinzi wa ploti, asisikie kelele.
Mkopo wa simu wa kulipia mkopo wa simu.

Jumla nikaipigia mistari miwili:
elfu sitini na nane na mia nne.
Nikajipongeza. Kule Eneo la Viwanda, ya dukani,
walinitajia laki nne na nusu bila kuniangalia usoni.
Watu husema rahisi ni ghali.
Mimi nikasema watu hao hawajawahi kumiliki bisibisi.

Asubuhi nikakuta wino mwekundu chini ya mistari yangu.
Mwandiko wa Kemunto haupindi; alisomea ukarani.

*Zamu yangu ya chama, Machi: 20,000. Ulisema ya wiki mbili.*
*Meza ya kulia. Tunalia magotini tangu Mei.*
*Ukucha, kidole cha shahada, mkono wa kulia.*
*Jumapili kumi na moja.*
*Vumbi la mbao kwenye uji.*
*Mwalimu alimuuliza mtoto babako yuko wapi, akasema yuko kwa mashine. Ulikuwa umesimama mlangoni.*

Hakuandika jumla.

Usiku ule nikaiwasha hata hivyo.
Kipande cha mvule, masazo ya seremala wa ghorofa ya chini.
Jina la mtoto: Nyaboke. Herufi saba.
Ikanguruma, ikashuka, ikauma.
Harufu ya mvule ikapanda, kali, tamu kidogo,
na mkono usio wa mtu ukauzunguka mviringo wa O
bila kusita, bila kutetemeka kama wangu,
na nikajua jibu la Oroko: nitakuwa nikitazama,
mdomo wazi, vumbi likiniingia.

Kwenye K mkanda ukaruka meno.
Mguu wa herufi ukaenda kando milimita tatu
na E ikafuata, mtiifu, mahali pasipo pake.

Nikazima. Nikamsikia nyuma yangu.
Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.
Akatia kidole kwenye ule mtaro uliopotea njia,
akaupitisha taratibu hadi mwisho,
akapuliza unga.

"Mkanda mpya ni pesa ngapi?"
Nikamwambia.
Akatafuta kalamu yake nyekundu, hakuiona.
Akachukua penseli yangu,
akaichonga kwanza, kwa meno.