Ni Mimi

Nyumba yetu ya Bugarika ilijengwa kwa kuegemea jiwe,
ukuta wa nyuma ulikuwa jiwe lenyewe,
kwa hiyo mlango ulikuwa mmoja,
na mlangoni mama.

Mchana, hodi ilipokelewa kabla haijaisha:
karibu, pita, maji yamo mtungini.
Taa zikiwashwa aliuliza, Nani?
Saa nne: Nani, na unatoka wapi saa hizi?
Usiku wa manane hakuuliza.
Alizima koroboi, akasikiliza changarawe,
inavyolia chini ya mguu anaoujua
na inavyolia chini ya mguu mwingine.
Baba mwenyewe, usiku aliorudi na gunia begani,
alisimamishwa nje, akaambiwa akohoe.
Akakohoa, akatukana.
Matusi ndiyo yaliyomfungulia.

Sasa nakesha ghorofa ya pili, juu ya Mwaloni,
ambako harufu ya dagaa hupanda ngazi
bila kuonyesha kitambulisho.
Nalinda milango isiyo na bawaba,
akiba za wauza samaki mia sita na kitu,
na mashine inayompa namba kila anayebisha.
Nne, mwenyeji. Arobaini, muulize tena.
Themanini, niamshe,
kama nimelala,
na kuna siku huwa nimelala.

Nyangeta Magesa nilimjua kwa namba tu.
Saa mbili na robo asubuhi, simu ileile,
mnara uleule wa Igombe,
na kila Jumatatu hukosea neno la siri mara moja.
Hata kosa lake tulilizoea.
Nne. Nne. Tatu. Nne.

Alhamisi, saa nane usiku:
neno la siri sahihi, papo hapo,
simu ngeni, mnara wa Nansio, ng'ambo ya maji,
na anataka milioni tatu ziende kwa mtu
ambaye daftari lake halijawahi kumtaja.
Themanini na sita.

Mashine haikumfukuza. Ilimwonyesha salio,
ikazishika fedha, ikaomba uso.
Uso ukaja na giza lake, mwanga wa tochi chini ya kidevu,
macho yamevimba,
haukufanana na ule tulioupiga picha Januari.
Tisini na moja.
Nikapiga namba yake ya siku zote. Imezimwa:
iko chini ya ziwa, au mfukoni mwa mtu.
Nikapiga ile ngeni.

"Ni mimi," alisema.

Mwizi naye husema ni mimi.
Tangu milango ianze kubishwa
hajatokea aliyesema ni mwingine.

Nyuma yake wanawake walilia,
au kilio kilikuwa cha redio, ningejuaje.
Nikauliza swali lisiloandikwa kwenye mwongozo:
"Jumatatu huwa unakosea kwa nini?"
Kimya. Mtu alikokota kiti.
"Jumatatu natoka kupokea mzigo,
vidole vina magamba, kioo kinateleza."
Na leo?
"Leo nimenawa. Tumetoka kumwosha mama."

Jibu hilo halina kisanduku cha kulitia.
Nilifungua mlango kiasi cha kupita mkono:
laki tatu, za mbao na sanda na mafuta ya boti.
Zilizobaki nikaziambia zingoje kuche.
Kisha nikakaa nikitazama ile namba
mpaka chai ikaota ngozi,
nikisubiri kujua kama nimemdhulumu mfiwa
au nimemlipa mwizi nauli.

Jumatatu alikuja dirishani mwenyewe,
kitambaa cheusi, mkono umeshika simu mpya.
Hakunisalimu.
"Miaka saba mnanijua," alisema.

Tunakujua, nilitaka kumwambia.
Ndiyo maana tulishtuka.

Sikusema. Alifuta kidole kwenye kanga,
akaandika neno la siri,
akakosea.

Nne.