Tafsiri ya Kurasa Tisa

Mkataba ulifika Lindi kwa simu, saa tatu asubuhi,
kutoka Gdansk, mji ambao Somoe Likwena
aliujaribu kuutamka mara mbili, akaacha.
Kurasa tisa. Hapa Rahaleo tafsiri ni elfu tatu ukurasa,
kuchapa mia mbili, na umeme ukikatika
mteja anakaa benchi.

Wao ni watu watatu na chumba kimoja. Wananunua ufuta.
Wanataka jicho lao ghalani Mtama:
apime unyevu, apepete konzi moja, atafute mchanga,
saa mbili mpaka saa kumi na moja,
koti lao, mizani yao, simu yao.
Halafu kifungu cha pili kinasema si mwajiriwa,
ni mtoa huduma aliye huru.
Somoe akauliza: "Huru kama kuku wa kienyeji?
Mchana anajitafutia, jioni anarudi kuchinjwa?"

Kifungu cha nne nilikikalia.
Kampuni itaweza kuachana naye kwa hiari,
wakati wowote, bila sababu.
Kalamu ikagoma hapo.
Hiari yashinda utumwa, ndivyo tulivyofundishwa;
hatukuambiwa hiari ya nani.

Chini ya kioo cha meza yangu kuna kipande cha babu,
mkonge wa Kikwetu, viraba thelathini.
Siku usiyomaliza matita haikuwa siku.
Siku thelathini zilimla miezi miwili.
Wakamwita kibarua. Nimelizungukia sana neno hilo:
barua iliyodumaa,
barua isiyo na salamu, isiyosubiri jibu.

Somoe akaijibu.
Hakutukana. Alikaa benchi, akaniandikisha:
"Huku sheria haisafiri na mwenye fedha,
inakaa na anayetoka jasho.
Likizo siku ishirini na nane. Uzazi themanini na nne,"
akagusa gauni, akaendelea,
"saa arobaini na tano kwa wiki, zikizidi zina bei yake.
Mkitaka kuniacha, nipeni sababu, nipeni notisi.
Mkinikata mchango wa uzeeni, ufike unakokwenda.
Na msione haya. Mimi mwenyewe sikujua
mpaka ghala moja la Nachingwea
liliponifundisha kwa kunifukuza."

Jibu likaja Jumatatu. Samahani, hatukufahamu,
tulinakili mkataba wa fundi wetu wa tovuti.
Kurasa sasa kumi na nne.
Kila kitu kimo, hata fidia ya kuumia kazini,
ila sikukuu: wamempa Mei tatu na Novemba kumi na moja.
Idi hakuna. Nane Nane hakuna.
Somoe alicheka mpaka akashika kiuno.
"Waambie hiyo Mei tatu nimeipokea.
Waongeze tu za kwetu."

Akatia saini kwa wino wa bluu, akaupuliza.
Akalipa zote, hadi mia mbili za kuchapa,
kisha, akikunja nakala yake,
akauliza kama mtu anayeuliza saa:
"Wewe wako unasemaje?"

Mwaka wa sita niko hapa.
Mkataba wangu na Mzee Nampembe
ni kikombe cha chai tulichokunywa siku ya kwanza
na neno "tutaonana mwisho wa mwezi."
Mwezi wenyewe haujawahi kusema mwisho wake ni lini.

Nikamwambia wino umeisha. Akaenda zake.

Wino haukuwa umeisha.
Nilifungua tena faili, nikafuta Gdansk,
nikafuta ufuta, nikafuta Likwena,
nafasi ya jina nikaiacha wazi,
nikachapa nakala mbili, pole pole, ukurasa kwa ukurasa,
na kwenye daftari la mauzo nikajiandikia deni.