Picha ya Kumi B

Tulianza watatu, jikoni kwa Tsiala,
na daftari la mistari, na kalamu isiyotaka kuandika.
Wanafunzi thelathini na mmoja, nikasema. Miaka thelathini na mitano.
Tsiala akahesabu kwa vidole,
akaacha alipofika kwa wale wa machimboni.

Simu tulipiga usiku, watu wakishatoka zamu.
Zauri akasema hana lari hamsini, ana jozi:
akaleta nusu gunia, na nyundo ya kuzipasulia.
Avto akauliza kwanza nani hatakuja.
Mwingine alikata tulipotaja shule,
akapiga tena baada ya saa mbili, sauti imelowa:
"Ni lini?"

Picha alikuwa nayo nani? Mimi,
ndani ya bahasha ya mbegu za matango.
Nikateremka mjini kwa kigari cha waya,
Chiatura yote chini ya soli zangu, na mto mweusi wa manganisi,
hadi kwa kijana wa kuchapisha. Ikuze, nikamwambia,
iwe pana kama mlango, uibandike kwenye kadibodi.
Akaikazia macho. "Mama, huyu wa safu ya pili,
aliyepakwa wino usoni, ni nani?"
Chapa hivyo hivyo.

Ni Nestani. Kalamu ilikuwa yangu.
Guramu alimpa koti lake siku ya mvua, mimi nikalowa.

Namba yake hakuwa nayo mtu. Niliitafuta wiki tatu,
kwa shangazi yake, kwa padri, kwa dereva wa basi la Ugiriki,
nikiomba niipate,
nikiomba nisiipate.
Yuko Thesaloniki, anamlea mzee asiye wake,
humkata kucha, humwita baba kwa lugha ya watu.
"Nitakuja," akasema. Hakuuliza nani mwingine anakuja.

Jumamosi, ukumbi wa shule. Paa linavuja pale pale.
Tukamchagua Otari awe tamada, msemaji wa meza,
Otari kigugumizi, ambaye hakuna mwalimu
aliyewahi kumngoja amalize sentensi.
Safari hii tulimngoja. Divai ikapata joto mikononi.
Alitaja marehemu saba, jina kwa jina, silabi kwa silabi,
na hakuna aliyemsaidia.

Nestani aliingia na begi,
siku mbili za barabara zimemkaa usoni.
Akaenda moja kwa moja kwenye picha.
Nilikuwa nimebeba sahani ya jozi. Sikuiweka chini.
Akagusa doa kwa kidole,
akageuka, akanitazama mimi, si mwingine:
"Wino mzuri. Haukuchuja."

Ningesema nini? Guramu mwenyewe, na upara wake,
alikuwa anatafuna mkate wa jibini;
hakumbuki koti, hakumbuki mvua.

Nestani akaomba kisu cha mkate.
Ukumbi ukanyamaza. Akakizungusha pembeni ya doa, polepole,
kama mtu anayemkata mzee kucha,
wino ukaanguka sakafuni, duara jeusi,
sarafu ya nchi isiyokuwepo tena.
Kisha akapita nyuma ya kadibodi,
akachomoza uso wa miaka hamsini na miwili
katikati ya wasichana wa riboni nyeupe.
"Haya, pigeni," akasema, "shingo inauma."

Tulicheka hadi Tsiala akashika ukuta.
Halafu Zauri akataka tundu lake. Avto naye.
Kisu kikapita mkono kwa mkono, kama chumvi.
Mimi nilikata langu mwisho.
Kadibodi ilikuwa inayumba; Nestani akanishikia.

Usiku, tukikunja meza,
picha ilibaki imeegemea ukuta,
taa ya korido ikipenya kwenye matundu kumi na tisa.
Waliosalia wazima, na macho yao, na riboni zao,
ni wale ambao hawakuja,
na wale saba wa Otari.
Hao kisu hakikuwagusa.