Paundi Saba

Llanelli, mwezi wa pili. Mvua hainyeshi, inaelea tu,
inapenya chini ya mlango wa gereji
kama mgeni asiyepiga hodi.
Eleri kaniachia ufunguo na chupa ya chai.
"Baba hakusema ina nini. Iwashe tu.
Jumamosi mnunuzi anakuja."

Escort ya mwaka sabini na sita, rangi ya haradali.
Gethin aliing'oa injini ya kiwandani,
akapachika kubwa zaidi, kichwa kakichonga mwenyewe,
na kabureta mbili za Kiitaliano, midomo minne wazi,
makinda yanayomsubiri mama.

Nikaanza na pua. Ndivyo nilivyofundwa Buguruni
na marehemu Mwinyikondo, ambaye hakumiliki geji hata moja:
"Mashine haisemi uongo, ila hairudii maneno."
Petroli mbichi. Imekolea mpaka kwenye zulia.

Stata. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikazima.
Nikafungua plagi: zote nne zimelowa,
nyeusi kama vidole vilivyotoka kupiga kura.
Hii haina njaa.
Hii imelishwa ikavimbiwa.

Nikazikausha, nikaachia choki yote,
nikakanyaga pedali mpaka sakafuni ivute hewa.
Iliwaka dakika moja na nusu.
Ikazama tena.

Floti za shaba nikazitikisa sikioni: kimya, hazijatoboka.
Kimo chake nikakipima kwa rula ya shule ya binti yangu: sawa.
Sindano nikazipitishia ukucha: hazina mkwaruzo.
Kila niliyemshuku alikuwa na ushahidi,
na kila ushahidi ulinizidishia hasira.
Saa sita usiku. Chai imepoa, ina ladha ya petroli,
au ni vidole vyangu.

Ndipo nikageuza swichi bila kugusa stata,
nikanyamaza.
Nyuma, chini ya buti, pampu: tik tik tik tik,
haipunguzi mwendo, haiulizi kama mtu ameshiba,
na kwenye mdomo wa pili petroli ikachuruzika
polepole, kama mate ya mtoto aliyelala.

Nikaunga geji kwenye mpira wa mafuta.
Paundi saba.
Kabureta hizi hutaka tatu.
Kisindano kile kitaushikaje mlango
na nje umati unasukuma?

Nikiri: nilimsema Gethin. Nilimwita mkono mzito,
mtu wa kuongeza asiyejua kupunguza.
Nikavuta droo yake nitafute spana ya kumi na saba.
Kulikuwa na kopo la biskuti,
na ndani, kwenye gazeti la Septemba,
kidhibiti presha, kipya, hakijaonja mafuta,
na risiti. Nyuma ya risiti, kwa penseli, 7.
Chini yake 3.
Chini ya 3, mstari.

Alikuwa ameshapima.
Mimi nimetembea usiku kucha
juu ya nyayo zake, nikidhani ni njia mpya.

Eleri aliniambia mlangoni, akitafuta ufunguo,
kwamba baba yake alilificha lile bano la kifuani
kuanzia kiangazi mpaka Oktoba.
Mficha maradhi —
nikaikata methali hapo. Gereji ni yake.
Na gari hakulificha. Gari alilinunulia dawa.

Kukifunga kulichukua dakika ishirini,
na kumi nyingine kutafuta kibano kilichoviringikia uvunguni.
Nikazungusha skrubu mpaka mshale ukatua kwenye tatu.
Stata.
Ikashika mara ya kwanza, kwa sauti nzito
inayotetemesha makopo ya rangi kwenye rafu,
dakika mbili, tano, plagi kavu, harufu ikipungua.

Ng'ambo ya uchochoro taa ikawaka.
Dirisha likafunguliwa, na mzee mmoja
akaita jina kwenye mvua, mara mbili.
Halikuwa langu.
Sikuizima.